Dakika Kumi na Nane za Kibe

Inspekta Peres Awuor hakujua kuogelea. Tuanze hapo, maana yeye mwenyewe ndivyo alivyoanza siku aliyopewa lile faili. Alimwambia mkubwa wake, Superintendanti Wesonga, kwamba maji yakimpita magoti anashikwa na kizunguzungu, na kwamba bahari ameiona mara mbili tu maishani, mara zote mbili akiwa amevaa viatu. Wesonga alicheka, akamsukumia faili juu ya meza.

"Marehemu alishazikwa kwao Kikuyu. Bahari utaiangalia kwenye kompyuta, hutalowa."

Basi akaiangalia. Kufikia Ijumaa hiyo, saa tatu asubuhi, ndani ya ofisi yake katikati ya jiji, madirisha yamefungwa na honi za barabarani zinapenya hata hivyo, alikuwa ameitazama vidio ile mara thelathini na nne.

Ilikuwa ya dakika kumi na nane. Kibe, mtu wa bima, umri miaka arobaini na mmoja, mkaaji wa mtaa wa Mountain View, alijifunga kamera kwenye paji la uso wiki tatu zilizopita, akaruka kutoka kwenye boti huko pwani ya kusini, akashuka kuangalia matumbawe. Maji yenyewe yalikuwa mita nne. Mita nne, jamani! Alichokiona Kibe ndicho alichokiona Peres: samaki vitatange wa manjano wakitembea wawili wawili, samaki wadogo wa rangi ya chungwa wakijificha ndani ya ua la bahari, mkunga, yule samaki kama nyoka, akifungua na kufunga kinywa pangoni mwake, pono wa kijani waking'ata matumbawe kwa sauti ya mtu anayetafuna njugu. Palikuwa pazuri mno, na uzuri huo ulimuudhi Peres, kwa sababu mahali pazuri hivyo hapakuwa na haki ya kumuua mtu.

Na juu ya yote hayo, pumzi. Kibe alivuta, akatoa, povu likapanda. Akavuta tena. Pumzi hizo zilikuwa zimemwingia Peres mwilini bila ruhusa. Alijikuta akipumua nazo kwenye lifti, akipiga mswaki, akipika sukumawiki. Juzi, kwenye foleni ya benki, mama aliyekuwa mbele yake aligeuka akamwuliza kama ana pumu.

Dakika ya kumi na sita anatokea kasa. Mkubwa, mzee, hana haraka. Kibe anamfuata, na pale matumbawe yanapokatika ghafla kasa anateremka, na Kibe naye anateremka, mpaka mita kumi na nne. Pumzi zinakuwa fupi. Kisha inasikika sauti ambayo Peres aliichukia kuliko zote alizowahi kusikia kazini, sauti ya mtu anayevuta na hakuna kinachokuja. Kibe anapiga miguu kupanda juu, amefunga pumzi kifuani. Daktari aliandika kwamba hiyo ndiyo iliyompasua mapafu. Halafu kamera inaelea, inaangalia anga, inayumba polepole, na hakuna anayepumua.

Polisi wa huko walipokagua mtungi wake wa hewa walikuta koki yake karibu imefungwa. Ilikuwa wazi robo ya mzunguko tu. Ndani ya maji alikuwa na mwenza mmoja pekee, Gerishon, rafiki yake tangu shule ya msingi, muuza mabomba na makoki pale Dagoretti Corner. Tena si rafiki tu. Kabla Kibe hajamuoa Kui, Gerishon ndiye aliyekuwa ametuma wazee kwa kina Kui kumposa, wakarudi mikono mitupu. Miaka kumi na tatu imepita, lakini wewe unafikiri watu husahau mambo kama hayo? Kwenye mazishi hakuna aliyezungumza lingine. Na kwa kuwa wote waliohusika walikuwa watu wa Nairobi, faili likapanda Nairobi.

Simu ililia. Wesonga.

"Peres, Jumatatu asubuhi Gerishon anasomewa shtaka la mauaji. Nataka sahihi yako leo kabla ya saa kumi na moja."

"Afande, kuna kitu hakijakaa sawa."

"Nini?"

"Bado sijui."

"Basi jua haraka." Akakata.

Peres aliirudisha vidio mwanzo. Dakika ya pili, Kibe anainua geji ya hewa mbele ya macho. Mshale unashuka kidogo, unapanda, unashuka, unapanda. Anaigonga kwa kidole, vile watu wanavyogonga mita ya stima, anaiachia. Mara thelathini na nne Peres alikuwa amedhani jamaa anacheza. Sasa aliongeza sauti, akafumba macho, akafumbua. Mshale ulishuka kila Kibe alipovuta. Ulipanda kila alipotoa.

Akasimamisha picha. Mbele ya Kibe, hatua kama sita, Gerishon alikuwa akirekebisha miwani yake ya maji, mikono yote miwili ikionekana. Walikuwa ndio kwanza wameingia majini, na hakuwa amemkaribia Kibe hata mara moja.

Lolote lililoupata ule mtungi lilianzia kwenye boti.

*

Gerishon aliletwa kutoka seli akiwa amevaa sweta la rangi ya udongo. Siku tisa ndani zilikuwa zimemtafuna mashavu. Alikaa, akaweka mikono mezani. Mikono mipana, ya mtu wa spana.

"Umekula?" Peres alimwuliza.

"Nimekunywa chai, madam."

"Taarifa yako inasema mtungi wa Kibe uliutayarisha wewe."

"Ndiyo."

"Nahodha wa boti anasema alimkabidhi Kibe mtungi umefunguliwa tayari. Akamvalisha mgongoni, akaenda kuwasha injini. Hakuona tena."

"Mimi nikaangalia tena. Ni mimi wa mwisho kuishika hiyo koki. Andika hivyo."

"Niliandika zamani. Nataka unionyeshe." Peres alitoa koki ya kawaida ya bafuni kwenye droo, aliyoinunua asubuhi hiyo kwa Mhindi muuza vifaa wa Kirinyaga Road. "Fungua vile ulifungua ile."

Gerishon aliitazama ile koki, na kwa mara ya kwanza macho yake yakachangamka kidogo, macho ya mtu aliyeona bidhaa hafifu. Akaizungusha mpaka mwisho, akaiweka chini.

"Tayari?"

"Tayari. Nini ingine?"

"Hurudishi kidogo? Mahali nimesoma, watu wa mbizi hurudisha kidogo."

"Hao ni waoga." Alisema kwa dharau ya kitaalamu. "Madam, mimi nimeuza makoki miaka kumi na tisa. Koki ni wazi yote au imefungwa yote. Sijawahi kurudisha kitu mimi. Hata Janice, mwalimu wetu, tulikosana naye kwa hiyo maneno, akachoka na mimi."

"Kwa hiyo uliifungua yote."

"Yote."

"Na ilipatikana wazi robo."

Feni ya darini ilizunguka. Gerishon aliisukuma ile koki mbali naye.

"Basi andika niliifunga," Gerishon alisema.

"Wapi?"

"Chini ya maji. Nyuma yake. Hakuniona."

"Dakika ya ngapi?"

"Sikuwa naangalia saa. Pale kwa kasa."

"Mtu anataka kumuua rafiki yake, anapitisha mkono nyuma, anafunga hewa mpaka mwisho, halafu anarudisha robo?"

Gerishon alirudisha mikono chini ya meza.

"Huyo muuaji wa adabu namna hiyo ametoka wapi, Gerishon?"

"Madam," alisema, sauti imepungua, "si mnataka mtu? Mko na mtu. Mwacheni Kui alee mtoto."

Hakuna aliyekuwa amemtaja Kui. Peres aliandika jina hilo kwenye daftari, akalipigia mstari, akafunga daftari.

*

Janice alifundishia mbizi kwenye bwawa la nyumba moja kubwa ya kupanga kule Muthangari, nyuma ya ua wa miti ya msonobari. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mwembamba, nywele fupi zenye mvi, na tangu msiba hakuwa amemfundisha mtu. Majani yalielea juu ya maji.

"Sasa, madam. Pole, pako hivi. Watu wameogopa kuja."

"Na wewe?"

"Mimi nakuja kila siku. Nakaa tu hapo." Alionyesha kiti cha plastiki. "Nasubiri sijui nani."

Peres alimwonyesha picha ya geji kwenye simu, mshale ukicheza. Janice hakuuliza swali. Alienda stoo, akarudi na mtungi, kipumulio na geji, akaviunganisha juu ya sakafu ya saruji. Akafunga koki mpaka mwisho, akaifungua robo.

"Soma."

"Mia mbili," Peres alisoma. "Umejaa."

"Ukiangalia hivyo tu, umejaa. Sasa weka mdomoni uvute."

Peres aliyatazama maji, akarudi nyuma hatua moja, akakiweka kipumulio mdomoni. Mpira ulikuwa baridi. Akavuta. Na hapo, kando ya bwawa tulivu la Muthangari, jua la saa sita utosini, akazisikia zile pumzi. Zilikuwa zilezile, sauti ileile, ila safari hii zilitoka kifuani mwake. Nywele za mikono zilimsimama. Mshale ukashuka, ukapanda.

"Endelea," Janice alisema. "Vuta kwa nguvu. Kama mtu anayeogelea."

Mshale ukaanguka zaidi. Peres alikitema kipumulio, akafuta midomo kwa mgongo wa mkono mara tatu nne.

"Kwa mita nne hewa hiyo inatosha," Janice alisema. "Unaweza kukaa hata nusu saa, hujui kitu. Lakini ukishuka, kila pumzi moja inataka hewa nyingi zaidi, na huo mwanya haiwezi kupita. Mpiga mbizi mzoefu akiona mshale unacheza hivyo anajua mara moja. Kibe alikuwa na mbizi sita tu. Sita! Ningekuwa pale ningeona. Mimi nilikuwa kwenye boti ya pili, na wageni."

"Hii robo. Nani hufanya robo?"

Janice alikaa kwenye kile kiti cha plastiki.

"Mimi. Mwalimu wangu alinifundisha hivyo. Fungua mpaka mwisho, kisha rudisha robo, ili isikwame. Siku hizi walimu wengi wameacha, na wanasema sababu. Mtu akikuta koki iko wazi tayari, anasahau upande. Anazungusha mpaka mwisho, lakini ni mwisho wa kufunga. Halafu anarudisha robo, na moyo wake umetulia kabisa kwamba amefanya kazi nzuri. Nilisikia hayo, nikasema wanafunzi wangu si wajinga."

"Ulimfundisha nani robo mwaka huu?"

"Gerishon alikataa. Kibe alikuwa anasahau kila siku. Kusema ukweli, mwanafunzi aliyeishika kabisa ni mmoja. Alianza mwezi mmoja kabla ya safari. Alikuwa bado hajaruhusiwa kushuka baharini, alikuja tu kuwasindikiza. Huyo hakuwahi kusahau robo hata mara moja, mpaka nilikuwa namtolea wengine mfano." Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. "Ai, Mungu wangu. Hapana."

"Naomba huu mtungi," Peres alisema. "Na usimpigie mtu yeyote simu."

*

Ukiniuliza mimi, hapo ndipo pagumu kwenye kazi hii. Kumkamata mwizi ni kazi nyepesi. Peres aliendesha gari kwenye Waiyaki Way akiwa na mtungi wa kilo kumi na tano umefungwa mkanda kwenye kiti cha pembeni, na njia nzima alitafuta namna ya kumtoa Gerishon bila kumgusa Kui. Hakuipata. Bila kumtaja aliyeishika koki, kesi ya Gerishon haingevunjika, na Jumatatu mtu asiye na kosa angesomewa mauaji, akakiri, akaozea ndani kwa hiari yake. Saa nane na nusu alikuwa mlangoni kwa Kui.

Mlango wa nyumba ya Mountain View ulikuwa wazi. Kabla hajabisha alizisikia pumzi. Zilijaza kibaraza, zilijaza korido.

Kui alikuwa sebuleni, ameketi sakafuni mbele ya televisheni kubwa, shuka mabegani. Kwenye kioo, mkunga alikuwa akifungua na kufunga kinywa. Meza ilikuwa imeandaliwa vikombe viwili, na kimoja kilikuwa na chai iliyopata utando.

"Karibu, madam. Keti. Hapa bado yuko hai," Kui alisema, akionyesha televisheni kwa kidevu. "Mpaka dakika ya kumi na saba hivi. Hapo huwa nairudisha."

"Pole, Mama Wahu. Wahu yuko wapi?"

"Kwa nyanyake. Alisema hawezi kulala, baba anapumua sana." Alisema bila kugeuka. "Mimi nisipomsikia ndio silali. Sasa niambie. Jumatatu iko?"

"Nimekuja kwa sababu ya Jumatatu."

"Nataka nikae mbele kabisa. Nataka Gerishon aniangalie. Nimemlisha kwa hii meza, madam, Krismasi ngapi! Nataka aniambie Kibe alimkosea nini." Machozi yalimteremka, akayaacha. "Nani anaweza kumfungia mtu hewa? Wanyama hawafanyi hivyo."

Peres alikuwa ametayarisha maneno kwenye gari. Yote yalimkimbia. Akatoka, akaubeba mtungi kwa mikono miwili, akausimamisha katikati ya zulia. Koki alikuwa ameifungua yote, mpaka mwisho, vile nahodha alivyokuwa ameiacha ile nyingine.

"Unaukumbuka huu?"

"Ni wa Janice." Kui alifuta uso, akajiweka sawa. Kitu fulani cha mwanafunzi hodari kilimrudia mabegani. "Huo wa kijani nilijifunzia."

"Siku ile, kwenye boti. Kibe ameshavaa. Amekaa kwenye benchi, wewe uko nyuma yake?"

"Ndiyo. Nilikuwa namwekea mkanda."

"Nionyeshe ulivyofanya. Kila kitu, polepole."

"Kwani Gerishon anasema nini?"

"Nionyeshe tu, Mama Wahu. Tafadhali."

Kui alipiga magoti nyuma ya mtungi. Akavuta mkanda wa hewani, ambao haukuwepo. Akanyoosha mgongo wa shati lisilokuwepo. Halafu mkono wake wa kulia ukaenda kwenye koki, bila yeye kuuangalia, kama unavyoenda kwenye swichi ya chumba chako mwenyewe. Akajaribu kuzungusha kushoto. Haikwenda. Akazungusha kulia, ikaenda, ikaenda, ikafika mwisho. Akairudisha robo. Akainama, akasoma geji.

"Mia mbili. Sawa." Akaupigapiga mtungi mara mbili kwa kiganja. "Hapo nikamwambia, enda sasa baba, wenzako wanakungoja."

Peres alichukua kipumulio, akamkabidhi.

Kui alimtazama, akakitazama kipumulio, akakiweka mdomoni. Akavuta. Macho yake yalikuwa kwenye geji, kwa sababu Janice alimfundisha kuangalia geji. Mshale ukashuka. Akatoa pumzi, mshale ukapanda. Akavuta tena. Kwenye televisheni Kibe naye alivuta, na kwa muda wakawa wanapumua pamoja, mume na mke.

Kipumulio kilimtoka mdomoni, kikaanguka kwenye zulia.

"Ilikuwa imefunguliwa," Kui alisema.

"Ndiyo."

"Kabla niishike."

"Ndiyo, mama."

Kui hakupiga nduru, na Peres alitamani sana apige.

"Gerishon anajua?"

"Alijua siku hiyohiyo, alipoishika koki baada ya kumpandisha Kibe kwenye boti, akaikuta na robo yako. Ndiyo maana anasema ni yeye."

"Nilimtemea mate kwenye mazishi."

"Najua."

"Mpigie mkubwa wako," Kui alisema. Sauti ilikuwa kavu, ya mtu anayetoa maagizo jikoni. "Mpigie sasa hivi. Mwambie amtoe. Mwambie mke wa Kibe ndiye amesema, na ataandika."

Peres alitoa simu. Wesonga alishika kwa mlio wa pili, na wakati akieleza, kwa maneno machache kadiri alivyoweza, alimwona Kui akinyoosha mkono, akaishika tena ile koki. Safari hii aliuangalia mkono wake. Akazungusha kushoto, polepole, mpaka mwisho, koki ikakataa, lakini yeye akaendelea kukaza, mishipa imemtoka shingoni, meno yameumana.

"Imefika, Mama Wahu," Peres alimwambia. "Imefunguka yote. Achia."

Hakuachia. Ilibidi Peres aweke simu chini, apige magoti kando yake, amtoe vidole kimoja kimoja.